UCHAMBUZI: Tiba ya mishipa ya fahamu kwa kibofu kisichotulia inahitaji kuwa karibu na mgonjwa

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, limewaondolea wasafiri wa Sengerema, Geita na mikoa ya jirani adha ya kusubiri kivuko. Faida hiyo imeelezwa mara nyingi kwa hesabu ya saa, mafuta na mizigo. Lipo kundi moja la wananchi ambalo hesabu yake ni ya namna nyingine, nalo halisemi hadharani: watu wasioweza kukaa nusu saa bila kutafuta choo. Kwao foleni ya kivuko, basi la kwenda Dar es Salaam, ibada ndefu, kikao cha kijiji au mtumbwi wa kwenda Ukerewe ni mambo ya kuogopwa. Mama lishe huacha sufuria jikoni na wateja mezani. Mwalimu hukatisha kipindi. Wengine huamua kutokunywa maji kutwa nzima, na katika joto la mwambao wa Ziwa Viktoria uamuzi huo una gharama yake kiafya.

Kitabibu hali hii huelezwa kuwa ni kibofu kinachofanya kazi kupita kiasi. Makala haya yataiita kibofu kisichotulia. Dalili yake kuu ni haja ya ghafla ya kukojoa, yenye nguvu kiasi cha kutoahirishika. Kwa kawaida huambatana na kwenda haja ndogo mara nyingi mchana na kuamka usiku, na kwa baadhi ya wagonjwa mkojo hutoka kabla ya kufika chooni. Huwapata wanawake na wanaume, na ingawa huongezeka kadiri umri unavyosogea, si sehemu ya lazima ya uzee. Jambo hili la mwisho linastahili kurudiwa, kwa sababu wazee wengi hunyamaza wakiamini kwamba umri ndio umewafikisha hapo na kwamba hakuna la kufanya.

Miongoni mwa yanayoweza kufanyika ni kusisimua mishipa ya fahamu kwa umeme mdogo. Ieleweke mapema kwamba makala haya hayatangazi kuanza kwa huduma mpya katika kituo chochote cha Mwanza. Yanakusudia kumweleza mwananchi tiba hiyo ni nini, ushahidi wake una nguvu kiasi gani, na ni maswali gani ya kiutekelezaji ambayo mfumo wetu wa afya utalazimika kuyajibu iwapo tiba hiyo itapewa nafasi. Maswali hayo, kama itakavyoonekana, yanahusu umbali na muda wa mgonjwa zaidi ya bei ya mashine.

Kibofu hakijiamulii chenyewe. Kinapojaa hupeleka taarifa kwa njia ya neva hadi kwenye uti wa mgongo na kisha kwenye ubongo, nao ubongo huamua kama wakati ni muafaka. Neva zinazohusika hutoka katika sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo, kwenye mfupa wa sakramu ulio nyuma ya nyonga, hasa jozi ya pili, ya tatu na ya nne. Kwa mtu mwenye kibofu kisichotulia, mawasiliano hayo yamevurugika: kibofu hujikaza, au hudai kutolewa mkojo, hali bado hakijajaa. Umeme mdogo unaopitishwa katika neva hizo huelekea kuyarekebisha mawasiliano hayo. Wanasayansi bado wanajadiliana kuhusu namna hasa jambo hilo linavyotokea, lakini matokeo yake kwa wagonjwa yamefuatiliwa kwa zaidi ya miaka 40.

Njia ya kwanza ni ya upasuaji. Kazi ya awali ilifanywa na Emil Tanagho na Richard Schmidt katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1980 walianza kupandikiza kifaa kinachopeleka umeme moja kwa moja kwenye neva za sakramu. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kifaa cha aina hiyo mwaka 1997. Waya mwembamba huwekwa karibu na neva, kisha hufanyika kipindi cha majaribio. Dalili zikipungua vya kutosha, kifaa chenye betri huzikwa chini ya ngozi karibu na kiuno. Matokeo yake kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri ni mazuri. Hata hivyo, ni teknolojia ya gharama kubwa, inahitaji daktari bingwa aliyefunzwa, inahitaji ufuatiliaji wa miaka, na betri ikiisha mgonjwa hurudi chumba cha upasuaji au huhitaji kifaa cha kuchajiwa. Kwa nchi inayoendelea kujenga hospitali za wilaya, hii si njia ya kuanzia.

Njia ya pili ndiyo inayovutia zaidi kwa mazingira yetu, nayo haipiti kiunoni bali mguuni. Neva ya tibia, inayopita nyuma ya kifundo cha mguu upande wa ndani, asili yake inaingiliana na neva zile zile za sakramu zinazohudumia kibofu. Ukiisisimua karibu na kifundo, ujumbe hupanda hadi kule kunakohitajika. Daktari wa Marekani Edward McGuire na wenzake walichapisha taarifa ya jaribio la namna hiyo mwaka 1983, wakiwa wameazima wazo kutoka tiba ya sindano ya Wachina, ambayo kwa karne nyingi imekuwa ikichoma eneo hilo hilo la mguu. Baadaye Marshall Stoller aliiboresha njia ya kutumia sindano. Mgonjwa huketi, sindano nyembamba sana huingizwa kiasi cha sentimita 5 juu ya kifundo, kibandiko huwekwa kwenye unyayo, na umeme mdogo hupitishwa kwa dakika 30. Dalili kwamba sindano imefika mahali pake ni kidole gumba cha mguu kujikunja au mgonjwa kuhisi mtekenyo kwenye unyayo. Utaratibu uliozoeleka ni mara moja kwa wiki kwa wiki 12, na kisha vipindi vya kudumisha nafuu, mara nyingi kimoja kwa mwezi.

Njia ya tatu huiacha sindano kabisa. Vibandiko viwili huwekwa juu ya ngozi na kuunganishwa na mashine ndogo ya betri, ya aina ile ile inayotumiwa katika fiziotherapia kupunguza maumivu ya mgongo na magoti. Mgonjwa aliyefundishwa anaweza kuitumia nyumbani. Kwa bei na urahisi, hakuna inayoishinda.

Je, inafanya kazi? Hapa inafaa kuwa makini, maana habari za tiba ya umeme huwahi kuvuka mpaka wa ukweli. Jaribio lenye uzito kuhusu njia ya sindano lilichapishwa Marekani mwaka 2010, likiwahusisha watu wazima 220. Nusu walipata tiba halisi na nusu walipata tiba ya kuigiza, yenye kila kitu isipokuwa umeme kwenye neva. Baada ya wiki 12, asilimia 54.5 ya waliopata tiba halisi walisema wamepata nafuu ya wastani au kubwa, ikilinganishwa na asilimia 20.9 ya waliopata ya kuigiza. Takwimu hizo zinasema mambo mawili kwa pamoja. Tiba inasaidia, na inasaidia zaidi ya matumaini pekee. Lakini pia karibu nusu ya waliotibiwa hawakupata nafuu ya kiwango hicho, na mmoja kati ya watano alijihisi vizuri hata bila umeme wowote. Anayeahidi uponyaji wa uhakika kwa njia hii hasemi kweli.

Njia ya vibandiko ina ushahidi wenye mashaka zaidi. Tafiti ndogo zimeonyesha nafuu, ila jaribio kubwa la Uingereza lililowahusisha zaidi ya wazee 400 wanaoishi katika nyumba za kutunzia wazee halikuona tofauti kati ya umeme halisi na wa kuigiza. Wazee wale walikuwa dhaifu, wengi wakiwa na matatizo ya kumbukumbu, hivyo matokeo yao hayawezi kubebwa mzima mzima na kuwekwa juu ya mama wa miaka 45 anayeuza dagaa Mwaloni. Hata hivyo yanatosha kumzuia mtu asiseme kwamba mashine ya bei nafuu ni sawa na ile ya sindano.

Kwa mkazi wa Butimba au Nyegezi, Igoma au Ilemela, kabla ya kuzungumzia umeme wowote kuna kikombe cha mkojo. Kuna magonjwa mengi yanayojifanya kibofu kisichotulia, na katika Kanda ya Ziwa orodha hiyo ina sura yake. Kichocho ni mfano wa wazi. Mwambao wa ziwa wenyewe unajulikana zaidi kwa kichocho cha tumbo; kichocho cha kibofu hupatikana zaidi bara, kwenye madimbwi, malambo na majaruba ya mpunga ya wilaya kama Misungwi na Kwimba, kwa kuwa konokono wanaobeba vimelea hivyo viwili hawafanani na hawakai maji ya namna moja. Mtu aliyekulia huko na sasa anaishi mjini anaweza kuwa na kibofu kilichoharibiwa na mayai ya vimelea tangu utotoni. Huyo anahitaji prazikwanteli na uchunguzi, kwani kichocho cha kibofu kikiachwa kwa miaka kinaweza kuzaa saratani. Kumfunga vibandiko mguuni na kumwacha na vimelea vyake ni kumdhulumu.

Kisukari nacho huongeza mkojo. Kwa wanaume, tezi dume iliyovimba huleta dalili zinazofanana, na mkojo wenye damu kwa mtu yeyote ni sababu ya kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mwanamke anayevuja mkojo mfululizo, mchana na usiku, hasa baada ya uzazi uliochukua muda mrefu, aangaliwe fistula. Hiyo ni tundu linalohitaji kuzibwa kwa upasuaji, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando ni miongoni mwa zinazotoa huduma hiyo. Na anayevuja anapokohoa, kucheka au kubeba ndoo ana tatizo jingine tena, la misuli ya nyonga iliyolegea, ambalo tiba yake ya kwanza ni mazoezi.

Lakini anayefichwa zaidi ni yule aliyebatizwa jina la UTI. Ni jambo la kawaida mtu anayekwenda haja ndogo mara kwa mara kuambiwa ana maambukizi ya njia ya mkojo, akanunua antibiotiki duka la dawa, akapata nafuu ya siku mbili tatu au asipate, akanunua nyingine yenye nguvu zaidi. Pasipo kipimo cha mkojo hakuna anayejua anatibu nini. Mgonjwa wa kibofu kisichotulia anaweza kupita katika mzunguko huo miaka kadhaa, akitumia dawa za vimelea asivyokuwa navyo. Tanzania ina mpango kazi wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa wa mwaka 2023 hadi 2028. Kumtambua mapema mgonjwa wa aina hii, na kumtoa katika foleni ya antibiotiki, ni sehemu ya vita hiyo ingawa haitajwi sana.

Vipimo vikionyesha kwamba hakuna ugonjwa mwingine, hatua ya kwanza haina umeme wala dawa. Mgonjwa huandika kwa siku 3 saa anazokojoa, kiasi anachokunywa na mara alizoshindwa kujizuia. Hupunguza chai ya rangi, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, bila kuacha maji. Hufundishwa kukaza misuli ya sakafu ya nyonga haja inapomshika ghafla, na kuahirisha kidogo kidogo: dakika 10 au 15 zaidi wiki hii, kisha nyingine. Mazoezi haya yanadharauliwa kwa sababu hayana kidonge wala mashine, ilhali yana faida ya kweli kwa wagonjwa wengi. Dawa hufuata kwa wanaozihitaji, kama oksibutinini, ambazo huweza kukausha kinywa, kufunga choo na, kwa wazee, kuathiri kumbukumbu. Hapo ndipo tiba ya neva ya mguuni inapopata uzito wake: ni kwa ajili ya mtu ambaye mazoezi hayakutosha na dawa zimemshinda au hazimfai. Nayo haiwafai wote. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, mjamzito, mwenye tatizo la damu kutoganda na mwenye neva za miguu zilizoharibika sana hawapaswi kuitumia pasipo uamuzi wa daktari, na kwa wengi wao haitumiki kabisa.

Sasa ifanyike hesabu. Vipindi 12 vya dakika 30 ni saa 6 tu za tiba. Lakini saa hizo 6 zimetawanywa katika wiki 12, na kila kipindi kina kwenda na kurudi, yaani safari 24. Mgonjwa wa Sengerema ambaye tiba hiyo ataipata Bugando pekee atavuka daraja mara 24 kwa ajili ya saa 6. Wa Ukerewe atapanda meli au kivuko mara 24, akiwa na kibofu kile kile kinachomfanya aogope safari. Siku 12 za kazi zitapotea, na kwa mchuuzi siku ya kazi iliyopotea ni chakula cha jioni kilichopotea. Gharama nyingine ni ya choo chenyewe: mtu anayelipia choo cha sokoni shilingi 200 kwa safari, akienda mara 6 kwa siku, anatumia shilingi 1,200, na kwa siku 25 za biashara ni shilingi 30,000. Fedha hizo hazionekani katika bajeti ya wizara yoyote. Hutoka katika mtaji wa nyanya na dagaa.

Ndiyo sababu, kwa maoni ya mwandishi, swali la msingi ni tiba hii ikae ngazi gani. Hospitali ya Wilaya ya Nyamagana iko Butimba. Juu yake ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sekou Toure, na juu zaidi ipo Bugando, inayohudumu Kanda ya Ziwa tangu 1971. Mantiki ya mfumo wa rufaa ni kwamba ugumu wa huduma huamua ngazi yake. Kupandikiza kifaa cha umeme kwenye sakramu ni kazi ya ngazi ya juu kabisa, bila ubishi. Kuweka kibandiko au sindano kwenye mguu kwa dakika 30, baada ya daktari kuthibitisha ugonjwa, ni kazi ambayo mtaalamu wa fiziotherapia au muuguzi aliyefunzwa anaweza kuifanya, na nchi nyingine huifanya hivyo. Ikiwekwa ngazi ya rufaa kwa sababu tu ni mpya, itawafikia wakazi wa mjini wenye muda. Wengine wataanza na kuacha wiki ya nne, kisha itasemwa kwamba tiba haikufaa.

Utaratibu wa kambi za madaktari bingwa wa Rais Samia, ambao tangu 2024 umekuwa ukiwapeleka mabingwa katika hospitali za halmashauri kwa siku chache, unatoa somo la kuangaliwa hapa. Kambi hufaa sana pale ambapo tatizo humalizwa kwa upasuaji mmoja au uchunguzi mmoja. Haiwezi kubeba tiba ya wiki 12. Inaweza, hata hivyo, kufanya sehemu inayohitaji bingwa, yaani kutenganisha kibofu kisichotulia na tezi dume, fistula au kichocho, na kumwachia mfiziotherapia wa halmashauri mpango ulioandikwa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii nao, ambao mpango wao jumuishi ulizinduliwa mwaka huo huo, wako karibu na kaya kuliko mtu mwingine yeyote katika mfumo; swali moja tu la faragha kuhusu mkojo, likiulizwa kwa heshima na mtu wa jinsia inayofaa, laweza kumwibua mgonjwa aliyenyamaza miaka 10.

Huduma ya aina hii haianzi kwa tamko. Kifaa kinatakiwa kupita kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Tiba yenyewe inatakiwa kutathminiwa kwa ajili ya mwongozo wa taifa wa matibabu, na malipo yake kupangiwa nafasi katika kitita cha bima, hasa sasa ambapo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka msingi wa kila mkazi kuwa na bima. Katika tathmini hiyo, mashine ya shilingi chache inaweza kuonekana rahisi kuipitisha. Kinachopaswa kulipiwa zaidi ni muda wa mtumishi, mafunzo yake, na vipindi vya kudumisha nafuu baada ya wiki ya 12, ambavyo vikisahaulika dalili hurejea.

Kwa sasa, mwananchi mwenye dalili zilizoelezwa aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye na kuomba kupimwa mkojo na sukari kabla ya kununua dawa yoyote. Aende na daftari lenye kumbukumbu ya siku 3 na majina ya dawa anazotumia, zikiwemo za shinikizo la damu, kwani baadhi huongeza mkojo. Mashine za umeme wa misuli zinazouzwa mitandaoni na kwenye maduka ya barabarani zisinunuliwe kwa ajili ya kibofu kwa ushauri wa muuzaji. Uhalali wa kifaa tiba chochote unaweza kuulizwa katika ofisi za TMDA, ambayo ina ofisi ya kanda jijini Mwanza.